Skrubu ya Kumi na Moja

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa ruta.
Nikaizima, nikaiwasha, nikaipandisha juu ya kabati
kama mgeni wa heshima. Wapi!
Wa pili, ukuta. Fundi wa mtandao alisimama mlangoni,
hata viatu hakuvua, akagonga zege mara mbili:
"Nyumba za Umoja hizi, mama, ni mawe matupu,"
akaenda zake na nauli yangu.
Wa tatu alikuwa mvua.

Jumanne usiku ndipo nilipoanza kuuliza kama mtu aliyekwenda shule.
Simu yangu, mezani pale pale, inavuta picha bila kukohoa.
Kipakatalishi, ubavuni mwake, kinawaona majirani wote
(Ghorofa ya Tatu, Usiniibie, Baba Mutheu),
kisha kinapepesa, kinasahau,
kinaapa kwamba hakuna mtandao duniani.
Nikakichomeka kebo: kikapata fahamu.
Nikaichomoa: kikazirai.
Basi. Haikuwa nyumba. Maradhi yalikuwa tumboni mwake.

Kioko wa chini akasema, nunua kingine.
Kingine! Kana kwamba viapo ninavyoitafsiria mahakama
vinalipwa kwa dhahabu.

Luthuli, Jumamosi, katikati ya spika zinazogombana,
Abdirashid alinitolea kadi kutoka kwenye boksi la viatu.
Mia saba. Tukavutana hadi mia tano na hamsini.
Niliiweka kiganjani: ukubwa wa ukucha wa dole gumba.
Kumbe maneno yangu yote ya miaka sita
yamekuwa yakitokea kwenye kidirisha kama hiki.

Nyumbani nilitandika shuka jeupe.
Nikachomoa betri. Nikashika bomba la sinki
nitoe umeme wa mwilini;
mamangu angeona, angeniitia mchungaji.
Skrubu kumi na moja, kila moja na duara lake kwenye karatasi.
Kifuniko kikalia kraa,
nami nikakiomba radhi kwa sauti.
Ndani: vumbi, unywele wangu, chembe ya mandazi,
na ile kadi, nyaya mbili mgongoni, nyeusi na nyeupe,
zimebanwa kwa vifungo vidogo kuliko vya shati la kichanga.
Nyeupe ilitoka kwa ukucha.
Nyeusi ilitaka kubembelezwa kwa kijiti cha meno.

Mpya ikaingia kwa mshazari, ikainua kichwa
kama mtoto asiyetaka kulala.
Nikailaza. Nikaikaza.
Zikabaki nyaya. Nilizuia pumzi,
nikabonyeza hadi kidole kikasikia
kabla ya sikio: tk.
Halafu ya pili, baada ya kuteleza mara nne na tusi moja:
tk.

Kikawaka. Kikafikiri
muda wa kutosha mimi kuisamehe mvua,
si yule fundi.
Kisha majirani wakajitokeza, Usiniibie akitangulia,
na barua arobaini na mbili zikamiminika, nyingi za matangazo,
moja ya karani: *Mwanaisha, umepotelea wapi?*

Nilipokunja shuka, kitu kikalia sakafuni.
Skrubu.
Nikatazama mchoro: maduara kumi na moja,
yote yana alama ya vema, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimeiweka kwenye kikombe cha vijiko.
Kipakatalishi hakijauliza.