Mabawa ya Miavuli

Simu ilisema jua.
Simu haijawahi kulala Fort Portal,
haijui kuwa Rwenzori hujifunika shuka
bila kumuaga mtu,
na kilele ukikiona alfajiri
hiyo ni salamu. Ahadi usiidai.

Tulifika shamba la chai saa mbili kasorobo.
Kabahenda nyuma ya bodaboda,
mabawa yamekunjwa mapajani;
dereva njia nzima akiuliza
hizo antena zinashika stesheni gani.

Wiki kumi na moja alikata na kushona.
Kifua: sponji ya godoro la bweni.
Magoti: ndoo ya rangi, kwa kisu cha moto.
Kofia: magazeti na uji wa muhogo.
Dhahabu ni ile ya kupaka mageti,
nusu kopo, aliyomlilia fundi wa Kasusu.
Na mabawa ni mbavu za miavuli kumi na tisa
iliyouawa na upepo,
akaiokota mitaroni nyuma ya soko la Mpanga
kama mtu anayekusanya ndugu zake.

Shujaa huyu hayumo kitabuni.
Alizaliwa pembezoni mwa daftari la hesabu,
mlinzi wa mawingu,
hata jina hajapewa.

Mimi na kamera ya kukodi,
saa tatu kwa shilingi elfu arobaini,
lenzi imevaa mfuko wa mkate.
Byamukama, kaka yake, ameinua kadibodi
tuliyoibandika karatasi za fedha za paketi za sigara,
analirushia jua usoni kwa dada yake,
analikosa, analirusha tena.

Picha ya kwanza: uso mweupe kama sahani.
Nikabana tundu la lenzi.
Ya pili: wingu. Nikafungua.
Ya tatu: jua limerudi kuchukua kitu lilichosahau.
Nikabana.
"Tulia basi."
"Nimetulia. Anayecheza ni huyo juu."

Kisha mvua, tena ya ubavuni,
ile inayomtafuta mtu chini ya kofia.

Tukakimbilia kibanda cha kupimia majani.
Wachumaji wanne walishatangulia,
vikapu mgongoni, bati juu yao
lina matundu kuliko bati.
Hakuna aliyepiga kelele.
Mzee wao akamtazama Kabahenda
kuanzia kofia hadi ndoo za magotini,
akauliza kile Mtooro humwuliza kila mgeni:
"Empaako yako?"

Ndani ya kofia, kimya.
Uji wa muhogo ulikuwa umeanza kulegea,
dhahabu inateremka shingoni,
habari za mwaka juzi zinachomoza pajini:
bei ya maharage, mbuzi aliyepotea, nusu ya tangazo la kifo.

"Abwooli," ikasema kofia.

"Haya, Abwooli. Fungua hivyo vitu, tunalowa."

Akafungua.
Na kile kitambaa, kilichokwisha kufa mara kumi na tisa,
kikakumbuka kazi yake.
Vichwa vitano vikasogeleana chini yake,
na kikapu kimoja, na mkono wa Byamukama.
Mmoja akaanza kucheka, wa pili akamfuata,
mzee akipangusa matone ya dhahabu begani
na kuyanusa, kama ni samli.

Mwanga ulikuwa umebaki kiganja.
Nikashusha kasi ya shata mpaka mikono yangu ilipogoma,
nikafuta ukungu kwa ncha ya shati,
nikabonyeza mara moja.

Mara ya pili betri ilikataa.

Picha imetikisika.
Bawa la kushoto nimelikata,
na Kabahenda hadi leo hajanisamehe:
"Wiki kumi na moja, wewe, wiki kumi na moja,
ukanipigia bawa moja na vikapu!"
Lakini ameitundika juu ya kitanda,
na kwenye daftari, pale palipokuwa wazi
chini ya mlinzi wa mawingu,
pana neno moja kwa kalamu nyekundu.

Saa tano nikarudisha kamera,
mwenyewe akaikamua mkanda, akaninunia.
Saa tano na dakika kumi
jua likatoka Fort Portal yote,
laini, la pembeni, bila deni,
likamulika mabawa yaliyoanikwa kwenye ua wa nyaya
na mimi mbele yake,
mikono mitupu.