Andika Taa

Kila mwezi, tarehe kumi, nilirudi Bayanhongori
na kisu cha duara, mdomo wake kiasi cha punje ya choroko,
na mtungi wa naitrojeni uliofuka baridi nyuma ya gari.
Mbuzi saba. Ubavu wa kushoto.
Ngozi kidogo, uzi mmoja, dawa ya zambarau.
Mama alizishika pembe, akatazama kando.
"Unawadokoa," alisema, "kama panya na jibini."

Nikamweleza: ngozi hii ina vinyweleo vya namna mbili.
Vikubwa hutoa singa, ngumu, za kupigana na theluji.
Vidogo hutoa sufu ile
ambayo watu wa mbali huizungusha shingoni
wasimjue mbuzi wala jina lake.
Vidogo vina kalenda yao.
Siku ndefu kuliko zote ikishapita,
giza likianza kudai deni lake dakika kwa dakika,
ubongo humimina usiku ndani ya damu,
na kinyweleo kilicholala huamka, huchimba chini, husuka.
Husuka hadi Disemba. Kisha hunywea.
Kisha hulala, kimeushika unywele wake
kama mtoto aliyesinzia na andazi mkononi.
Aprili huuachia.

"Hayo chanuo lilishaniambia," alisema Mama.

Lakini anayeamuru ni nani?
Seli ya ulimi, ya ini, ya ngozi,
zote zina kitabu kimoja, kizima, hakikuchanwa ukurasa.
Tofauti ni palipofunguliwa.
Agosti jeni hizi husomwa kwa sauti kubwa;
Februari hunong'ona; nyingine hungoja, midomo imefumbwa.

Alimimina chai ya chumvi.
"Bibi yako alijua sala zote," akasema.
"Ya mazishi hakuisoma harusini."

Ulaanbaatar, mashine ilinichorea mistari saba.
Sita ilipanda pamoja, kama kundi likifuata njia ya mlima.
Wa nne ulilala chini:
Oktoba, na ngozi ile bado ilisoma Juni.
Nililaumu kisu. Nililaumu mtungi, dereva, mkono wangu.
Profesa akasema, mtoe namba nne.
Nikaandika pembeni: *hitilafu*.

Aprili tulichana.
Sita walitoa mafungu mepesi, ya rangi ya chai ya maziwa.
Haltari, namba nne, alitoa vumbi na singa.
Mama alilisafisha chanuo lisilo na kitu
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Alizaa Septemba," akasema, "nje ya msimu.
Mwanawe miguu njiti. Nikawalaza bandani,
nikawasha ile taa ya sola usiku kucha, wiki tisa.
Wewe ulikuja mchana. Ilikuwa imezimwa."

Nikakumbuka Januari:
Haltari amevaa koti lililokatwa kutoka deli kuukuu la baba,
vifungo vyake vyote vimefungwa.
Nilicheka. Nilimpiga picha.

Mama akalivuta daftari langu,
akaweka kidole chenye mafuta ya sufu juu ya neno.
"Futa hili," akasema. "Andika *taa*."

Nikaandika, nikaongeza: *wiki tisa*.
Mtoto wa Septemba alikuwa mlangoni,
mnene, anatafuna kamba ya kiatu changu.