Twende Kilioni

Siku ile walimpeleka kwa jirani,
wakampa maandazi mawili na soda ya chungwa
asione jeneza likitolewa mlango wa uani.
Aliporudi, Mjomba Nkwabi akamwambia,
kwa sauti ya mdaiwa anayeomba aongezewe siku:
"Mama amesafiri."

Kumwambia mtoto hivyo, Tabora hii!
Hapa reli inapogawanyika,
na watoto wa Isevya wanajua kwa honi tu
ipi ya Mwanza, ipi ya Kigoma, ipi ya Mpanda.
Nyamizi akauliza, "Amepanda ipi?"
Mjomba akakohoa, akatafuta kofia yake.

Ana miaka saba. Hesabu anazijua.
Begi la mama liko juu ya kabati.
Kandambili za mama, za bluu,
kamba moja imefungwa kwa waya,
ziko chini ya kitanda.
Nani husafiri pekupeku?

Basi kila siku ya treni akawa anatoroka shule,
mpaka mlinzi wa stesheni akaniletea jioni moja,
kandambili kifuani, zimeviringishwa kwenye khanga.
"Dada, huyu mwanao anakagua abiria miguu."

Nikakaa sakafuni, tukalingana macho.
Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya masufuria,
hata hivyo neno likanikwama kama mfupa wa mgebuka.
Nyami, mama amekufa.
Hakusafiri. Tulikosea kukwambia hivyo.
Aliugua, Kitete walijaribu, moyo ukasimama.
Hasikii baridi. Haoni njaa. Harudi.

"Ni kwa sababu nilimwaga asali?"
Hapana.
"Niliimwaga yote."
Hata ungemwaga mzinga mzima. Hapana.
"Na wewe utakufa?"
Siku moja. Leo nipo. Kesho nitakupikia uji.
Akasema sawa, akaenda kuruka kamba.

Nikabaki pale chini, nikalia mimi,
mimi niliyemzika dada yangu
bila kulitamka neno lile hata mara moja.

Yeye alilia baada ya wiki tatu,
kwa penseli iliyovunjika ncha.
Alilia mpaka akatapika.
Jirani akachungulia: mnyamazishe mtoto.
Sikumnyamazisha. Nilimshikia paji la uso.

Jumapili akaja na kitana na mafuta ya nazi,
akajibana katikati ya magoti yangu.
"Nisuke."
Mtindo gani?
"Twende kilioni."

Mimi si msusi. Mistari ikapinda,
mmoja ukaishia sikioni.
Akajipapasa kichwa, akacheka puani:
"Mama angefumua."
Angefumua yote, nikasema,
na jina lake likakaa nasi uani
kama mtu aliyekaribishwa kigoda.

Akavaa zile kandambili, kubwa, zikimpiga visigino.
Tukashika njia ya makaburini kwa mwendo wake,
tukisimama kila alipotaka kusimama.
Nyuma yetu honi ikalia.
"Ya Mpanda," akasema,
akainama kuurudisha waya mahali pake.