Ghorofa ya Kumi na Mbili

Tulitoka sinema saa nne kasorobo usiku,
watu watano, ubishi mmoja.
Mvua ilishapita Barabara ya Latema bila kutungoja.
Mbele ya duka la viatu, mama wa mayai ya kuchemsha
alikuwa hajafunika beseni lake.
Tukamzunguka kama wadai.

"Makasi hakuua mtu," akaanza Nyagaka,
akimenya yai kwa ukucha wa gumba.
"Alisinzia kwenye kiti cha kinyozi, akaota.
Hamkuiona saa ya ukutani?
Kumi na dakika saba, anaingia.
Kumi na dakika saba, anatoka, mikono imelowa.
Muda gani huo wa kuchinja?"

"Na damu kwenye kiatu?" Halake akauliza.
"Ndoto haichafui soksi."

"Saa mbovu ni saa mbovu," akasema Lubanga.
"Kwetu Jericho iko moja, imesimama tangu baba aoe,
na bado watu wamezaliwa, wamezikwa."

Tukacheka. Mama wa mayai akacheka pia,
ingawa filamu hakuiona. Akataka kujua
huyo Makasi ni adui au ni stelingi,
na hakuna aliyemjibu haraka.

Kisha Mutheu, kimya tangu taa ziwashwe:
"Lile jengo ndilo ninalolipiga deki. Mwaka wa sita sasa.
Mlango ule wa shaba, ufa ule wa sakafuni
unaofanana na mguu wa kuku,
vyote navijua kwa magoti.
Makasi aliingia kwenye lifti akabonyeza kumi na mbili.
Jengo lina ghorofa tisa."

Ganda la yai likaanguka, tukalisikia.

"Si ndiyo hiyo!" Nyagaka akapiga kofi.
"Chochote kilicho juu ya tisa ni ndoto.
Mhasibu hajafa. Hati hazijachomwa.
Yule mjane bado ana kiwanja chake."

Lubanga akasema ni ubahili tu,
wamepiga picha nje huku, ndani kule.
Halake akasema mji huu kila tajiri ana ghorofa
isiyoonekana kwenye ramani.
"Ameanza mahubiri," akasema Nyagaka,
na akaongeza pilipili.

Mimi nilitia chumvi, nikala.
Sikuwaambia kwamba adui wangu nilimwona kwa macho.
Hakuwa na koti refu, wala ngoma ya kumtangulia
kutuonya kwamba yuko kwenye kona.
Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi wa buluu.
Alifika kwetu Njiru Jumatano, akaisifu sukuma wiki yetu,
akaniuliza hisabati nilipata ngapi,
akaazima kalamu yangu.
Mama akatia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole.

Miezi mitatu, na ukuta wa mawe ukapita
katikati ya jiko.
Karani wa ardhi akafungua faili,
akalamba kidole, akafunua, akafunua,
akasema kwa upole, upole kabisa,
kwamba sisi hatujawahi kuishi pale.

Hatujawahi.
Na sufuria tulizobeba zilikuwa na masizi ya pale pale.

Kwa hiyo mtu akibisha kipi kilitokea
na kipi alikiota Makasi,
mimi huuliza kwanza: faili iko kwa nani?
Lakini usiku ule sikuuliza.
Nililipa mayai mawili, nikadai chenji yangu.

Asubuhi Mutheu akatutumia picha:
vitufe vya lifti, moja hadi tisa,
na juu ya tisa kibati kilichokazwa kwa skrubu nne.
Mbili zina kutu. Mbili ni mpya.

Nyagaka akaandika: Kifungue.

Ikapita saa nzima.
Mutheu akajibu: Nina deki ya kupiga.