Kati ya Mkate na Riziki

Jumatatu nilirudisha ufunguo wa sakristia.
Mzee wa kanisa Semng'indo aliupokea kwa mikono miwili
kama apokeaye mtoto wa jirani aliyelala,
akanipa daftari nisaini.
Miaka kumi na tisa, mstari mmoja, wino wa buluu.
Kisha tukasimama barazani tukizungumzia bei ya saruji.

Sasa nahubiri Mikanjuni, katika lililokuwa ghala.
Kuta bado zinanuka katani.
Viti ni vya plastiki, vya kukodi,
na kijana wetu wa kinanda hajui kunyamaza:
nikisema "Tuombe," naye anaanza,
vidole vyake vinayatangulia maneno yangu kwa Mungu.
Mwezi wa kwanza nilimchukia.
Mwezi wa tatu nilijikuta naosha vyombo
huku nikiuimba wimbo wake.

Watu wananiuliza: Ulikosana na askofu?
Walikunyima usharika? Kuna fedha?
Laiti kungekuwa na fedha, ningeeleza kwa urahisi.
Wengine wananitupia methali, mtaka yote hukosa yote.
Sikutaka yote.
Nilitaka kimoja, nami nilikuwa nimekisahau hata jina.
Ukweli ni mdogo, unaniaibisha:
Jumapili moja ya Kwaresima, nimeinua kikombe,
niliisikia sauti yangu ikisoma
na mimi simo.
Nikamaliza ibada. Nikawapa watu mkono mlangoni.
Nilifanya hivyo miaka miwili zaidi.

Mke wangu Eliwaza hakuhama.
"Niliolewa na wewe," alisema, "si na safari zako."
Kila Jumapili tunatoka pamoja, nguo zimepigwa pasi;
tukifika barabara ya kumi na mbili yeye anakata kulia,
kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa kitambaa,
mimi nashika kushoto.
Bi Mwanahamisi, mpika vitumbua wa pale kona,
alitutazama Jumapili nne bila neno.
Ya tano akauliza:
"Mchungaji, kwani Mungu kahama mtaa?"
Tulicheka sote. Nikanunua vitumbua vya mia tano.
Vitumbua vimeliwa. Swali bado la moto.

Mimi nilibatizwa na mapadri, kule Muheza.
Mama alinifunza kuomba mkate wetu wa kila siku.
Walutheri wakanifunza kusema riziki.
Hapa ghalani kila mtu huomba lake, kwa sauti, kwa pamoja,
mpita njia akadhani tunagombea urithi.
Njaa yangu ni ileile.

Juzi Bi Perusi Hoza alimtuma mjukuu aniite.
Anakufa, na anajua.
Alitaka meza ya Bwana.
Nikamwambia sina ruhusa tena, barua ninayo, ina muhuri;
mchungaji mpya ni kijana mwema, nitampigia.
"Mpigie," akasema. "Lakini wewe kaa."

Tukangoja. Mvua ya vuli ilikuwa juu ya bati,
pikipiki ya kijana imekwama Duga.
Tukaanza Sala ya Bwana, basi tu, muda usonge,
na tulipofika pale ulimi ukanisaliti:
mimi nikasema mkate,
yeye akasema riziki,
tukakatika wote wawili
kama watu waliokutana mlangoni.
Pita wewe.
La, pita wewe.
Alicheka hata akakohoa, nikamshika bega,
bega lililokonda kama mpini wa jembe.
Hatukuimalizia.

Kijana akafika, tope hadi magotini,
akafungua kijisanduku chake juu ya kigoda cha dawa.
Umeme ukakatika. Nikamshikia tochi ya simu.
Akampa Bi Perusi, akamfuta midomo kwa kitambaa cheupe,
halafu akageuka, na kipande kimoja kimebaki mkononi.
Akanitazama. Anaijua ile barua, labda ndiye aliyeichapa.
Mkono wake ukasita hewani, katikati yetu,
na mimi, niliyewalisha wengi kwa maneno hayohayo,
nikawa sijui
niushushe mwanga au niendelee kuumulika.