Rehani

Nilipanda tisa.
Si kwenye mikebe: bati nalo lina lake la kusema,
lingeuharibu ushahidi.
Nikatafuta ndoo za plastiki, za mafuta ya kupikia,
udongo wa shamba moja, mbegu za kiganja kimoja,
maji kwa kikombe kile kile,
ili miche ikija kutofautiana
ijulikane ni hewa.

Wa kwanza Mji wa Kale, darini, mbali na moshi.
Wa pili Makupa.
Mmoja Changamwe, juu ya paa la madrasa, watoto wakiapa hawatougusa.
Wa saba Jomvu, kwa Bi Nyamvula,
ukuta kwa ukuta na tanuri
linaloyeyusha betri za magari yaliyokufa.
Kusi ikivuma, moshi huanzia kwake,
huingia bila hodi.

Nilimwachia masharti, nimeyaandika kwenye plasta:
Usichume. Usifute vumbi. Usikoshe majani.
Bi Nyamvula husuka vikuba;
hakuna harusi Mikindani isiyonukia mkono wake.
Akasoma, akanirudishia macho.
"Mrehani usiochumwa, usiokoshwa?
Huo si mrehani, mwanangu. Ni mahabusi."

Madini niliyokuwa nikiyawinda yanaitwa risasi.
Lugha yetu haikujali kutenganisha
ya bunduki na ya moshi.
Ila ya bunduki husikika.
Hii hutua juu ya jani
kama mgeni aliyevua viatu,
na hana nia ya kuondoka.

Wiki ya nane nikapita na mifuko ya khaki,
glavu, mkasi wa kauri.
Nikakausha, nikaponda, nikatia asidi;
mashine ikachoma tone, ikasoma rangi ya moto.
Mji wa Kale, mbili. Makupa, sita.
Wa sita, hatua mia mbili kutoka tanuri: hamsini na nane.
Wa saba, chini ya ukuta wenyewe:
tisa.

Nikarudia. Tisa.
Nikaitukana mashine, nikaomba radhi, nikarudia.
Kesho yake nikapanda tuktuk hadi Jomvu.

"Nilikuwa naukosha," akasema, wala hakuona haya.
"Kila alfajiri, jani kwa jani, kwa kipande cha leso.
Uniachie kiumbe nyumbani kwangu kichafuke
nami nikitazame tu?"

Hasira zilinipanda.
Wiki nane zote zimekwenda na maji!
Kisha neno hilo likanigeukia.
Maji.

"Ulikuwa ukiyamwaga wapi, Bi Nyamvula?"

Hakujibu kwa mdomo. Kidole chake kilionyesha kizingiti,
pale udongo ulipolowa, mweusi, laini,
na mjukuu wake Mwero, hajatimiza miaka miwili,
amekaa anaumba mikate ya matope,
anaionja mmoja mmoja
kama mpishi.

Nilimnyanyua kabla sijafikiri. Akalia.
Nilikuwa nimebakiwa na mfuko mmoja wa khaki;
nikapiga magoti, nikaujaza kizingiti.

Bi Nyamvula alimpokea mtoto,
akamfuta kinywa kwa leso ile ile,
akasita, akaitazama leso,
akaiangusha chini.

"Mche wako umekaa hapa wiki nane," akasema.
"Mimi miaka thelathini na mmoja.
Huyu kaota hapa hapa, hakuna aliyemletea udongo wa shamba.
Umekuja na rehani kwenye ndoo, nikakupokea.
Sasa niambie wewe uliyesoma:
aliyewekwa rehani ni nani?"

Tanuri lilikohoa upande wa pili wa ukuta.

"Sisi twakua kucha," akasema, "twaota nywele.
Kata. Kapime."

Nikautoa mkasi wa kauri.
Mwero akakunja vidole.