Vikombe Arobaini

Nilimpa Valdeci vidonge vya minyoo,
vilevile alivyomezeshwa shuleni ng'ambo ya mto Moa.
Akavitazama kiganjani
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Hivi tu? Hii ni homa yangu ya tatu mwaka huu.
Tumbo langu halina neno."

Nikamwambia: si dawa ya tumbo lako,
ni ya mgeni wako wa usiku.

Akacheka hadi kofia ikamdondoka.

Siku ya tatu alikuja, mkono ameuosha kwa sabuni,
akaulaza juu ya vikombe viwili vya karatasi
vilivyofungwa chandarua,
mbu thelathini kila kimoja, na njaa yao.
Redio ya jirani ilitangaza bei ya unga wa muhogo.
Wakanywa. Wakavimba wekundu.

Sasa ni saa nane usiku na zamu ni yangu:
taa, koleo, daftari.
Waliokufa nawaweka kushoto.
Waliolegea nawasubiri.
Kikombe cha saba kimenyamaza.
Cha nane, mmoja bado anaimba
wimbo aliomwimbia dada yangu Neuzanira sikioni
mwaka wa mafuriko.

Dawa hii ilikaa miaka kabatini kwa daktari wa mifugo,
jirani na mafuta ya kupaka kwato.
Ng'ombe wa kaka yangu waliijua kabla yetu.
Ufunguo wa zizi, nani angeujaribu
kwenye mlango wa mgonjwa?

Lakini mbu nao ni mafundi wa kugeuza matumizi:
Valdeci alichimba bwawa apate samaki,
wao wakaliona, wakasema hapa ni kwetu.

Wala sitasema uongo.
Kikombe cha kumi na tisa,
kumi na wanane wanatembea ukutani
kana kwamba wamekunywa maji.
Asubuhi mkubwa wangu ataniuliza kama nimehesabu vizuri.
Nimehesabu vizuri.

Saa kumi na moja Valdeci anapita na ndoo ya chakula cha samaki.
Anagonga dirisha.
"Wangu wamekufa wangapi?"
Namwonyesha vidole, vinaisha, naanza upya.
Anatikisa kichwa, taratibu, kama aliyeshinda kesi
asiyokumbuka kuifungua.

"Na minyoo?"

Hapo ndipo ninapokumbuka
kwamba hiyo hakuna aliyeihesabu.